Maisha ya John Venn, Bwana wa Maduara

Muhula huu imeniangukia zamu ya kuandika habari za mtu mashuhuri wa zamani. Wenzangu walionitangulia wameandika habari za wafalme, majemadari na wasafiri, na wengi wetu tumezisoma kwa furaha. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakupigana vita hata mara moja, hakutawala nchi, wala hakuvumbua bara lolote. Kazi iliyolifanya jina lake lidumu ni kuchora maduara yanayopishana. Mtu huyo ni John Venn. Kila mmoja wetu amekwisha kuliandika jina lake katika daftari la hesabu alipofika kwenye somo la seti, lakini ni wachache wanaojua kwamba ni jina la mtu. Mimi mwenyewe nilidhani ni neno la hesabu tu, mpaka siku niliyoaibika mbele ya ubao.

Sababu ya kumchagua ni hii. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza zilipotea fedha katika bweni letu, Shilingi 12,000, mchango wetu wa kununua mpira wa miguu. Dirisha la nyuma, linaloelekea jikoni, lilikutwa wazi, basi wote tukaamini kwamba mwizi alipitia nyuma ya jiko. Wakati huo mafundi walikuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji, na mtu yeyote aliyepita nyuma ya jiko alitoka na tope jekundu viatuni. Jioni ile nikamwona mwenzangu mmoja ana tope jekundu viatuni. Sikungoja. Nikasimama mbele ya bweni zima nikasema kwamba kila aliyepita nyuma ya jiko ana tope jekundu, na huyu ana tope jekundu, kwa hiyo huyu ndiye aliyepita nyuma ya jiko. Nikamalizia na methali, kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Wenzangu wakanipigia makofi. Tangu usiku ule hakuna aliyekula na yule mwenzetu wala kumsemesha.

Siku ya pili jioni mwalimu wetu wa hesabu alizisikia habari hizo, akaniita darasani, akanipa chaki. Aliyonionyesha ubaoni nitayaeleza mahali pake. Kwa sasa nitasema tu kwamba kabla sijatoka mle chumbani nilijua kwamba nimemwonea mtu, na kwamba yule aliyenifumbua macho, kwa mkono wa mwalimu wetu, alikuwa amekufa karibu miaka mia iliyopita. Ndipo nikaanza kutafuta habari zake.

John Venn alizaliwa tarehe 4 Agosti 1834 katika mji wa Hull, kaskazini ya Uingereza. Mama yake, Martha, alifariki John angali mtoto mdogo. Baba yake, Henry Venn, alikuwa kasisi. Babu yake, aliyeitwa John Venn vilevile, alikuwa kasisi wa Clapham karibu na London, na nyumba yake ilikuwa mahali pa kukutania watu walioshindana na biashara ya utumwa pamoja na William Wilberforce, mpaka Bunge la Uingereza likaipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 1807. Baba wa babu yake naye alikuwa kasisi mwenye sifa. Maji hufuata mkondo, wasema wazee, na jamaa wote walitazamia kwamba mtoto huyu naye atafuata mkondo ule ule.

Hapa pana jambo linalotugusa sisi watu wa Afrika ya Mashariki. Tangu mwaka 1841, kwa miaka mingi, Henry Venn alikuwa Katibu wa chama cha misioni kiitwacho CMS, ambacho babu yake John alikuwa mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1799. Ni chama hicho kilichomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kizungu, na Johannes Rebmann aliyemfuata mwaka 1846, na ambaye mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro wenye theluji. Habari za safari na kazi zao zilipelekwa katika ofisi ambayo baba yake John alikuwa akiiongoza. Kwa hiyo jina la Venn lilikuwa likiandikwa katika barua za Mombasa miaka mingi kabla halijaandikwa katika madaftari yetu.

Malezi ya John yalikuwa ya ukali. Watoto wa nyumba ile walifundishwa ibada, kazi na adabu, na michezo haikupewa nafasi kubwa. Alisoma shule huko London, na mwaka 1853 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge, katika chuo kiitwacho Gonville and Caius. Mwaka 1857 alifanya mtihani mkubwa wa hesabu akatokea wa sita kati ya waliofaulu daraja la kwanza. Mwaka huo huo chuo kikamchagua kuwa mmoja wa wanachuo wake wa kudumu, cheo alichokuwa nacho mpaka kufa, muda wa miaka 66. Ni watu wachache waliokaa mahali pamoja kwa uaminifu namna hiyo.

Mwaka 1858 alipewa ushemasi, na mwaka 1859 ukasisi, kama ilivyotazamiwa. Akatumika kwa muda mfupi katika makanisa ya Cheshunt na Mortlake. Lakini moyo wake ulivutwa na vitabu vya mantiki, yaani elimu ya kupima kama neno moja lafuata kweli kutoka katika neno lingine, au kama tumelirukia tu. Mwaka 1862 akarudi Cambridge kufundisha elimu hiyo, pamoja na elimu ya kukadiria mambo ya bahati.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1866, nacho kilihusu mambo hayo ya bahati. Nitajaribu kueleza fundisho lake kwa maneno mepesi. Ukirusha sarafu mara moja ikaonyesha kichwa, hujajifunza neno kubwa juu ya sarafu hiyo. Ukiirusha mara nyingi sana, utaona kwamba vichwa vinakaribia nusu ya marusho yote. Kwa Venn, kusema kwamba jambo lina nafasi nusu ya kutokea ni kusema habari za mfululizo mrefu wa mambo ya namna hiyo, wala si habari za moyo wa mtu anavyojisikia kuhusu tukio moja. Wataalamu wa hesabu wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo, lakini fundisho lake lilikuwa na nguvu sana katika kazi za waliomfuata.

Sasa nafika kwenye maduara. Venn hakuwa wa kwanza kuchora maduara ili kuonyesha fikira. Zaidi ya miaka mia kabla yake, Leonhard Euler, mtaalamu mkubwa wa hesabu kutoka Uswisi, aliyatumia katika barua alizomwandikia binti mmoja wa kifalme wa Kijerumani, zilizoanza kupigwa chapa mwaka 1768. Akitaka kuonyesha kwamba wanafunzi wote ni watu, Euler alichora duara dogo la wanafunzi ndani ya duara kubwa la watu. Ni njia nzuri, na kwa mfano kama huo yatosha kabisa.

Venn alipokuwa akiwafundisha vijana wake aliona upungufu wa njia hiyo. Ili kuchora duara dogo ndani ya kubwa, yakupasa ujue kwanza kwamba kweli moja ni dogo na jingine ni kubwa. Lakini mara nyingi maneno tuliyopewa hayatuambii hayo. Nikisema kwamba wote waliopita nyuma ya jiko wana tope jekundu, sijasema kama wapo wengine wenye tope ambao hawakupita huko. Labda wapo, labda hawapo. Mchoraji wa njia ya Euler analazimika kuchagua picha moja, na akichagua ameongeza neno ambalo hakuambiwa na mtu.

Dawa aliyoitoa Venn mwaka 1880 ilikuwa nyepesi mno, hata mtu hushangaa kwamba haikuonekana mapema. Alisema tuanze kwa kuchora maduara yanayopishana daima, ili kila chumba kinachowezekana kiwepo tangu mwanzo, hata kama baadaye kitaonekana kuwa kitupu. Kisha tusome maneno tuliyopewa, na kila neno likituambia kwamba chumba fulani hakina mtu, tukitie weusi. Chumba ambacho hakuna neno lililokifunga tukiache cheupe. Mwaka 1881 alikieleza jambo hilo kwa urefu katika kitabu chake juu ya mantiki ya alama.

Hivyo ndivyo mwalimu wetu alivyofanya ubaoni jioni ile. Alichora maduara mawili yanayopishana. La kushoto likawa la waliopita nyuma ya jiko, la kulia likawa la wenye tope jekundu. Vikapatikana vyumba vinne. Cha kwanza, waliopita jikoni bila kuwa na tope. Cha pili, waliopita na wana tope. Cha tatu, wenye tope ambao hawakupita. Cha nne, nje ya maduara yote, wasiopita na wasio na tope. Akaniambia nitie weusi chumba ambacho maneno yangu mwenyewe yamekifunga. Nikatia weusi cha kwanza, maana nilisema kila aliyepita ana tope. Kisha akaniambia nimweke mwenzangu mahali pake.

Nikanyoosha chaki kwenye chumba cha pili. Mwalimu hakunikemea, ila aliniuliza ni nani aliyekitia weusi chumba cha tatu. Nikatazama. Kilikuwa cheupe. Mwenzangu alikuwa na tope, kwa hiyo aliweza kuwa katika chumba cha pili au cha tatu, na katika maneno yangu yote hapakuwa na hata neno moja la kumtoa katika cha tatu. Mimi nilikuwa nimekifunga chumba hicho moyoni mwangu tu. Na hata kama angekuwa katika cha pili, kupita nyuma ya jiko si kuiba. Mwalimu akaongeza kwamba ile methali yangu ni ya kweli, kwa sababu mvua huja na mawingu, lakini si kila wingu lina mvua, na mkulima anayepanda kwa kuona wingu moja atapoteza mbegu zake.

Nilimfuata mwenzangu usiku ule ule nikamwuliza lile ambalo nilipaswa kumwuliza kwanza. Mtaro wa bomba ulikuwa umefika mpaka langoni, na yeye alikwenda langoni kumsindikiza mama yake, aliyekuja kumpa habari za ugonjwa nyumbani. Hakupenda kulitangaza jambo hilo bwenini. Siku ya tatu fedha zikaonekana. Kiranja alikuwa amezitia katika mfuko wa koti lake la mvua akasahau. Lakini nataka msomaji aangalie jambo hili: mwalimu alinionyesha kosa langu kabla fedha hazijaonekana. Hata kama zisingeonekana mpaka leo, kosa langu lingekuwa lile lile.

Turudi kwa Venn. Hakuishia kwenye maduara mawili. Kwa vitu vitatu alichora maduara matatu yenye vyumba 8, ukihesabu na kile cha nje, nao ndio mchoro tunaouona sana katika mitihani. Kwa vitu vinne vyumba vyapaswa kuwa 16, na maduara manne ya kawaida hayawezi kuvitoa vyote, basi akatumia maumbo marefu kama yai. Tena alitengeneza chombo cha mbao chenye vipande vya vyumba hivyo 16, vilivyoshikwa kwa vijiti. Ukivuta kijiti, kipande huanguka, na hiyo ndiyo ishara kwamba chumba hicho hakina kitu. Mikono yake ilipenda kazi za namna hiyo. Hata uzeeni alitengeneza mashine ya kurusha mpira wa kriketi, na mwaka 1909 wachezaji wa Australia walipofika Cambridge, mashine hiyo ilimwangushia vijiti mmoja wa mabingwa wao mara nne.

Jambo ambalo mimi naliheshimu kuliko yote katika maisha yake ni lile la mwaka 1883. Venn alikuwa kasisi kwa miaka 24, lakini kwa kadiri alivyozidi kusoma na kufikiri aliona kwamba hawezi tena kuthibitisha kwa moyo mweupe kila kifungu ambacho kasisi wa kanisa lake alitakiwa kukikiri. Angeweza kunyamaza. Ukasisi wake ulikuwa haumtaki kazi yoyote ngumu, na jina la ukoo wake lilikuwa jina la makasisi. Hata hivyo, tangu mwaka 1870 palikuwa na sheria iliyomruhusu kasisi kuacha daraja lake, naye akaitumia. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki miaka kumi nyuma. Wala Venn hakuiacha dini yenyewe, bali alibaki muumini mpaka mwisho. Kila mtu ana imani yake, nami siandiki ili kumsifu aliyeacha wala aliyebaki katika utumishi. Nasema tu kwamba mtu aliyewafundisha vijana wasijaze chumba kwa neno wasilolijua, alikubali kanuni hiyo imshike na yeye mwenyewe, hata pale ilipomgharimu.

Mwaka huo huo wa 1883 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, heshima kubwa kwa wataalamu wa nchi hiyo. Mwaka 1888 aliipa maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge vitabu vyake vya mantiki, alivyovikusanya kwa miaka mingi na ambavyo idadi yake ilipita elfu moja. Baada ya hapo akageukia historia. Alikusanya habari za watu wote waliopata kusoma katika chuo chake, na mwaka 1897 akaanza kuzitoa kitabuni. Kisha, akisaidiwa na mwanawe John Archibald, akaanza kazi kubwa zaidi ya kuorodhesha waliopata kusoma Cambridge nzima tangu zamani hata mwaka 1900. Jalada la kwanza lilitoka mwaka 1922, naye ni mzee sana. Mwana akaiendeleza kazi ya baba, na jalada la kumi, ambalo ndilo la mwisho, likatoka mwaka 1954.

Tangu mwaka 1903 Venn alikuwa Rais wa chuo chake, cheo kinachomfuata mkuu wa chuo. Alifariki Cambridge tarehe 4 Aprili 1923, mwenye umri wa miaka 88. Yeye mwenyewe hakuyaita maduara kwa jina lake. Jina hilo lilitokea katika kitabu cha Mmarekani mmoja, Clarence Irving Lewis, mwaka 1918, likaenea duniani. Leo katika ukumbi wa kulia chakula wa chuo chake lipo dirisha la vioo vya rangi lenye maduara matatu yanayopishana, kwa kumkumbuka.

Wanafunzi wenzangu, siku hizi tunayo njia rahisi ya kuchora. Zipo programu za bure katika intaneti, kama vile draw.io, ambazo kwa kubofya mara chache zitakuchorea maduara, ramani za mawazo na visanduku vyenye mishale. Mimi huzitumia katika chumba cha kompyuta ninapojitayarisha kwa insha ya historia au kulinganisha viumbe katika baiolojia, na zinanifaa sana. Umeme ukikatika, penseli na kifuniko cha kopo vyatosha kabisa. Lakini iwe kompyuta au penseli, chombo hakitakuuliza swali lile aliloniuliza mwalimu. Kitatia weusi chumba chochote utakachokiamuru, hata kama huna sababu. Swali lile la nani aliyekifunga chumba hiki lazima tujiulize wenyewe, katika mtihani, katika baraza la wanafunzi, na hata katika maneno yanayopita kijijini juu ya jirani.

Nanyi wazazi wetu, mkiona watoto wenu wamejaza madaftari maduara matupu, msidhani wanacheza.

Mwenzangu yule nilimwomba radhi mbele ya bweni zima, mahali pale pale niliposimama kumshitaki. Alinikubalia, lakini ulipita mwezi mzima kabla hajaketi nami tena mezani, na sikumlaumu. Sasa tuko Kidato cha Tatu na tunakaa dawati moja. Yeye ndiye aliyeisoma habari hii wa kwanza, akanipa ruhusa niitoe, ila akanitaka nisahihishe jambo moja: kwamba tope lilikuwa katika kiatu cha kulia tu. Nimesahihisha.